King'amuzi na Chaneli za Bure: Historia Inayofika hadi Nakapanya

Ukitoka Tunduru mjini kwenda mashariki unavuka Mto Muhuwesi, unapita mashamba ya mikorosho, na baada ya kilomita 66 na nusu unafika Nakapanya. Ukiongeza nyingine 70 na nusu unaingia Mangaka, wilaya ya Nanyumbu, mkoani Mtwara. Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, umeiacha nyuma kwa zaidi ya kilomita 320. Kabla ya kujengwa kwa lami ya Tunduru, Nakapanya hadi Mangaka, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Shirika la JICA la Japani, masika yalikuwa msimu wa magari kulala njiani, na bidhaa ya dukani ilibeba bei ya tope lote ililovuka.

Matangazo hayapandi lori. Mawimbi ya redio na televisheni hupita juu ya tope na juu ya mto, na mwenye chombo cha kuyapokea huyapata bila kumpunguzia jirani yake chochote. Kwa sababu hiyo watu wa mbali na miji ndio wenye haja kubwa ya matangazo ya bure. Hata hivyo, safari ya televisheni ya bure kuwafikia imekuwa ndefu kuliko safari ya lami, na katikati ya safari hiyo kimesimama kisanduku kidogo tunachokiita king'amuzi. Kukielewa kisanduku hicho kunataka turudi nyuma, enzi za redio.

Redio ilipotangulia

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 utangazaji ukawekwa moja kwa moja chini ya serikali, ikazaliwa Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kwa mikoa ya kusini redio hiyo ilikuwa na uzito wake wa pekee. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, FRELIMO ilikuwa imeanza vita vya ukombozi wa Msumbiji Septemba 25, 1964, na mitambo ya Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi ya kuzungumza na watu wao. Wimbi halikuuliza pasipoti mpakani.

Mwaka 1973 redio ilionyesha nguvu yake yote. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya: wanakijiji walikusanyika kwa vikundi kuizunguka redio moja, wakasikiliza kipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio moja na betri zake vilitosha kijiji kizima. Huo ndio mzani ambao teknolojia yoyote iliyofuata inapaswa kupimwa nao: je, mtu wa kijijini akishanunua chombo, anapata habari?

Mwaka huohuo wa 1973, Zanzibar ilichukua njia nyingine. Televisheni Zanzibar, wazo la Mzee Abeid Karume lililotimia wakati wa uongozi wa Aboud Jumbe, ilianza kurusha matangazo, tena ya rangi, ikiwa ya kwanza ya aina hiyo Afrika kusini mwa Sahara. Bara hapakuwa na televisheni. Mwalimu Nyerere aliiona kuwa anasa kwa taifa maskini, kitu ambacho kingewahudumia wachache wa mijini na kupanua pengo kati yao na wakulima. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Baadhi ya wakazi wa Dar es Salaam wenye seti waliinua antena kuelekea baharini wakitafuta picha za Zanzibar. Tunduru waliendelea na redio.

Antena juu ya mwanzi

Mlango wa bara ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, iliyoruhusu watu binafsi kumiliki vituo na kuunda Tume ya Utangazaji kuvisimamia. Mwaka 1994 vituo vya kwanza vikaanza Dar es Salaam: CTN, DTV, na ITV ya Reginald Mengi. Star TV ikajitokeza Mwanza. Serikali yenyewe ilikuja nyuma ya wafanyabiashara: Televisheni ya Taifa, TVT, ilizinduliwa rasmi mwaka 2000 chini ya Rais Benjamin Mkapa, na baadaye, ikiwa pamoja na redio ya taifa, ikawa sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC.

Mwaka 1994 huohuo Tunduru ilikuwa na habari yake kubwa. Vito vya thamani, yakuti zikiwemo, vilianza kuonekana kwenye kokoto za mito ya wilaya hiyo, hasa Muhuwesi, na wachimbaji na wanunuzi wakamiminika kutoka pande zote za nchi na nje yake. Fedha ziliingia. Lakini vituo vipya vya televisheni vilikuwa na mitambo mijini, na mtambo wa ardhini humhudumia aliye ndani ya makumi ya kilomita tu kutoka mnarani. Mnara wa Dar es Salaam usingeweza kumfikia mtu wa Nakapanya hata angeinua antena juu ya mbuyu.

Televisheni ya enzi zile ilikuwa ya analojia. Mwenye kuishi karibu na mnara alinunua seti ya kichogo, akafunga antena kwenye mwanzi mrefu, na kazi ikaisha. Picha ikifubaa, mmoja alitoka nje kuzungusha mwanzi, mwingine akakaa ndani akipaza sauti kumwelekeza hadi chenga zipungue. Hapakuwa na kadi, namba ya mteja wala tarehe ya kuisha. Aliyeshindwa kununua seti alikwenda kwa jirani, au alilipa kidogo kwenye banda la video, kibanda umiza, akatazama mpira akiwa amebanana na wenzake.

Mbali na minara kulikuwa na njia ya pili. Vituo vilipeleka matangazo yao kwa setilaiti ili kulisha mitambo ya mikoani, na mtu aliyemudu dishi kubwa na risiva aliweza kuyanasa moja kwa moja kutoka angani. Kwa vijiji vingi vya kusini, dishi ndilo lililotangulia antena. Jambo hilo linapaswa kukumbukwa, kwa sababu miaka mingi baadaye uamuzi mmoja kuhusu madishi uliwagusa watu wa vijijini kuliko watu wa mjini.

Makubaliano ya Geneva

Mwaka 2006, kuanzia Mei 15 hadi Juni 16, wajumbe wa nchi za Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Iran walikutana Geneva chini ya Umoja wa Mawasiliano Duniani, ITU. Waligawana upya masafa ya televisheni na kukubaliana kwamba kuanzia Juni 17, 2015, matangazo ya analojia katika masafa ya UHF yasingelindwa tena dhidi ya mwingiliano wa nchi jirani. Afrika haikulazimishwa na polisi yeyote, ila nchi ambayo ingebaki nyuma ingejikuta na mitambo isiyo na kinga wala vipuri.

Sababu ya kuhama ilikuwa hesabu. Chaneli moja ya analojia ilikalia kipande kizima cha masafa chenye upana wa megahezi 8. Mfumo wa kidijitali huigeuza picha kuwa tarakimu, ukaibana, na kipande kilekile kikabeba chaneli zaidi ya kumi. Masafa yanayookolewa hupewa intaneti ya simu. Novemba 2010, mawaziri wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, wakiwa Lusaka walichagua mfumo wa televisheni ya kidijitali wa DVB-T2 kuwa wa pamoja kwa ukanda wao. Tanzania ilifuata mkondo huo, na Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikapiga mnada masafa ya megahezi 700, ambayo zamani yalikuwa nyumba ya televisheni.

Nchi zilizotangulia zilijua kwamba gharama ya kuhama humwangukia mwenye seti kuukuu. Marekani, kabla ya kuzima analojia Juni 12, 2009, iliruhusu kila kaya kuomba vocha mbili za dola 40 za kununulia kisanduku cha kugeuzia matangazo. Uingereza iliweka mpango wa kuwasaidia wazee na watu wenye ulemavu, ikazima eneo moja baada ya jingine kuanzia Whitehaven mwaka 2007 hadi Ireland ya Kaskazini Oktoba 2012. Huko serikali zilikubali kwamba zikibadilisha mtambo, zina deni kwa mtazamaji.

Usiku wa Desemba 31, 2012

Tanzania iliamua kutosubiri 2015. TCRA, chini ya Mkurugenzi Mkuu Profesa John Nkoma, ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa zimefungwa pamoja: kutengeneza vipindi na kuvirusha. Kituo cha televisheni kingebaki na maudhui yake, na kampuni yenye leseni ya kusambaza ingebeba chaneli nyingi kwenye mtambo mmoja. Leseni hizo zilikwenda kwa kampuni tatu: Star Media, ambayo ni ubia wa TBC na StarTimes ya China, Agape, yenye king'amuzi cha Ting, na Basic Transmissions, yenye Continental.

Saa sita usiku ya Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ya Dar es Salaam ilizimwa. Serikali, kwa sauti ya Waziri wa Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia, Profesa Makame Mbarawa, ilishikilia msimamo wake. Ratiba iliendelea: Dodoma na Tanga mwisho wa Januari 2013, Mwanza Februari, Arusha na Moshi Machi, Mbeya Aprili. Miji mingine ilifuata katika awamu ya pili, na nchi ikavuka kabla ya ukomo wa Geneva, ikiwa miongoni mwa za kwanza Afrika. Wamiliki wa vyombo vya habari walilalamika kwamba wamepoteza watazamaji usiku mmoja na wakaomba analojia na dijitali ziende pamoja kwa muda. Ombi halikukubaliwa.

Mijini ndiko neno king'amuzi lilikoingia katika kila mdomo. Limetoka katika kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na wengine huita kisimbuzi, kwa kuwa husimbua. Jina limekipata kitu chenyewe. Antena hunasa mawimbi. King'amuzi huchagua kipande cha masafa, husoma tarakimu zilizobebwa ndani yake, hutenganisha chaneli moja na nyingine, kisha hupeleka picha kwenye televisheni kwa waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu au kwa waya wa HDMI. Ndiyo maana seti ya kichogo ya mwaka 1995 haikuwa takataka. Ikiunganishwa na king'amuzi, iliendelea kuonyesha picha, tena safi kuliko siku iliyonunuliwa.

Tabia ya picha ilibadilika pia. Analojia ilikuwa na huruma: ukiwa mbali ulipata chenga, lakini sura ya msomaji wa habari uliitambua. Dijitali haina nusu. Wimbi likitosha, picha ni safi. Likipungua chini ya kiwango, picha huganda, hukatika vipande, kisha kioo huwa cheusi. Kwa mtu wa pembezoni mwa mnara huo ulikuwa mzigo mpya.

Mlango na ufunguo wake

Hapa ndipo kiini cha historia hii kilipo. King'amuzi chenyewe ni kipokezi tu. Chaneli ikirushwa wazi, king'amuzi chochote cha mfumo huo huipata bila malipo. Chaneli ikifungwa kwa simbo, hufunguka kwa kadi au namba iliyolipiwa. Katika nchi yetu kisanduku kilichouzwa kwa wananchi kama mlango wa kuhamia dijitali kilikuwa pia duka la vifurushi. Mwananchi aliyeambiwa anunue ili asikose taarifa ya habari alijikuta mbele ya orodha ya bei za mwezi, na wengi wakaamini kwamba televisheni ya bure imekufa.

Haikufa, na sababu ni sharti lililoandikwa. TCRA iliziorodhesha chaneli za kitaifa za kutazamwa bure, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, na kuwataka wenye mitambo ya ardhini waziache wazi hata kifurushi cha mteja kikiisha. Sharti hilo ni fupi kulitamka, lakini limebeba haki kubwa. Bila hilo, hotuba ya bajeti, matokeo ya uchaguzi na tangazo la kipindupindu vingekuwa bidhaa ya aliyelipia.

Kenya ilipita njia yenye mvutano mkubwa zaidi. Kampuni za Nation, Standard na Royal Media zilitaka zirushe matangazo yao zenyewe badala ya kubebwa na wasambazaji wawili waliokuwa na leseni. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, iliyotoa hukumu Septemba 2014. Februari 2015 mitambo yao ya analojia ilizimwa, nao wakakataa kupita kwingine, na kwa takriban wiki tatu Citizen, NTV na KTN hazikuonekana. Waliporudi walikuja na mtandao wao wa kusambaza na ving'amuzi vyao vya chaneli za bure, visivyo na malipo ya mwezi. Wakenya walijifunza kwa wiki tatu za giza kile ambacho sisi tulikipata kwa sharti la leseni: anayeshika mtambo anashika mlango.

Agosti 2018 somo hilo lilitufikia kwa upande wa madishi. Azam TV, iliyokuwa hewani tangu 2013, pamoja na DStv na Zuku walikuwa wakibeba chaneli za ndani za bure miongoni mwa chaneli zao za kulipia. TCRA ilisema leseni zao hazikuwaruhusu, kwa kuwa chaneli ya bure iliwekwa nyuma ya malipo, ikaagiza ziondolewe. Hoja ilikuwa ya haki: kisichouzwa kisiuzwe. Lakini mwenye nyumba mjini alikuwa na mnara wa kurudia. Mtu wa kijijini asiyefikiwa na mnara wowote wa ardhini, aliyekwishanunua dishi, aliamka na chaneli hizo hazipo, na antena isingemsaidia. Haki iliyolindwa kwa karatasi ilipungua kwake kwa sababu ya umbali. Baada ya muda chaneli za ndani zilirudi kwenye madishi, ila tukio lile lilionyesha kwamba kanuni ya bure ina maana pale tu penye wimbi.

Nakapanya na siku zijazo

Mengi yaliyohitajika ili televisheni ya bure ifike kijiji kama Nakapanya yamekuja kwa wakati wake. Lami imefika. Njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA, inasukuma nguzo ndani zaidi. Kwa kaya ambayo nguzo haijaifikia, paneli ya sola na betri vinaendesha televisheni ndogo na king'amuzi, kwa kuwa kisanduku hicho hula umeme kidogo. Hata king'amuzi chenyewe kinaanza kutoweka machoni, kwani televisheni nyingi mpya zina kipokezi cha DVB-T2 ndani yake. Aliye nayo anachomeka waya wa antena nyuma ya seti, anatafuta chaneli kwa rimoti, na kila kilichorushwa wazi kinajitokeza.

Kwa hiyo unapokwenda dukani, Tunduru, Masasi au Songea, uliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Je, mahali unapoishi panafikiwa na mnara wa ardhini, au panataka dishi? Jirani mwenye picha safi atakujibu vizuri kuliko muuzaji. Je, televisheni unayonunua ina DVB-T2 ndani, ili usinunue king'amuzi usichokihitaji? Na je, kifurushi kikiisha, ni chaneli zipi zitabaki? Muuzaji akikuambia hakuna itakayobaki kwenye king'amuzi cha antena, mtake akueleze sababu. Antena iwe ya UHF, juu ya paa au mti, ielekezwe mnarani bila kizuizi cha miti mikubwa. Mzungusho wa mkono mmoja bado unaweza kuokoa jioni nzima.

Wito wangu kwa wenye mamlaka ni mmoja. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa ili huduma zifike pale ambapo biashara haioni faida, na televisheni ya bure ni huduma ya aina hiyo. Sharti la kuacha chaneli za kitaifa wazi limetulinda tangu dijitali ilipoanza. Sasa liongezewe minara, na pale ambapo mnara hautafika, chaneli hizo zirushwe wazi kwa setilaiti, mwenye dishi azipate bila kadi. Mwaka 1973 redio moja ilitosha kijiji kizima. Mkulima wa korosho wa Nakapanya anastahili kutazama taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa gharama ya antena yake tu, sawa na mtu wa Kariakoo.